Debian Iliyochanganywa na Ripozitori za Jirani: Inavyovurugika na Namna ya Kuirudisha

Haya jamani tuanze, wa nyuma sauti isipofika nipungieni mkono. Leo tunaongelea ile laptopu ya Linux iliyokuwa imetulia kabisa wiki iliyopita, leo ukiiambia iinstoli hata kitu kidogo inakujibu una pakeji zilizovunjika, ukilazimisha inataka kufuta desktopu nzima. Nitatumia Debian 12, ile bookworm iliyotoka Juni 2023, maana bado ipo kwenye mashine nyingi, ila mwenye Ubuntu au Mint asisinzie, wote hawa wanakula apt, ile programu inayoinstoli pakeji (programu zilizofungashwa) kutoka kwenye ripozitori, yaani maghala ya programu mtandaoni.

Sasa inaanzaje? Mtu kaweka Debian yake safi, halafu kaona video ya mambo ya ku-hack, jamaa kwenye video anasema weka mstari huu kwenye /etc/apt/sources.list, na mstari wenyewe ni wa Kali, Linux ya watu wa kupima usalama wa mitandao. Anaweka. Na hapo hapo alichokuwa anakitafuta ni nmap, wireshark, aircrack-ng, vitu ambavyo Debian wanavyo siku zote, angeandika apt install nmap yakaisha! Wiki inayofuata anataka programu fulani vesheni mpya, anakutana na maelezo ya PPA ya Ubuntu, yaani ripozitori ndogo ya mtu binafsi, anaiongeza, apt inagoma inasema hiyo ripozitori haina faili la Release kwa ajili ya bookworm. Ile erori ilikuwa inamtetea jamani. Yeye anafungua faili, anafuta neno bookworm anaandika jammy, jina la Ubuntu 22.04, erori inapotea, anafurahi.

Kuanzia hapo kila apt upgrade anayopiga ni bahati nasibu, na sababu yake ni rahisi sana. apt haijui kwamba wewe ni mtu wa Debian. Inaangalia namba tu. Kila ripozitori unayoongeza, kama hujasema lolote, inapewa kipaumbele 500, zikilingana basi anayeshinda ni mwenye vesheni kubwa. Kali inajengwa juu ya Debian testing, lile tawi la majaribio, na inasonga kila siku, kwa hiyo pakeji zake nyingi zina namba kubwa kuliko za bookworm, zinashinda kila mechi. Wewe umeomba kitu kimoja, hicho kinataka libc6 mpya, libc6 inaingia, na libc6, ambayo jina lake jingine ni glibc, ndiyo maktaba ya kodi ambayo karibu kila programu kwenye mashine inaiegemea, kuanzia bash mpaka kivinjari.

Tuziangalie namba zenyewe: bookworm ina libc6 2.36, Ubuntu 22.04 ina 2.35, Ubuntu 24.04 ina 2.39, Debian 13 ina 2.41. Programu iliyojengwa juu ya 2.39 ukiipeleka kwenye 2.36 inaweza ikakataa kuwaka, inakwambia GLIBC_2.38 not found. Ni kama nati na bolti za nyuzi tofauti, zamu mbili za kwanza inaingia vizuri tu, ya tatu inakwama na spana unayo mkononi. Halafu kuna hili la 2024, wakati Debian na Ubuntu wanahamisha hesabu ya saa kwenye biti 64 ili mashine za biti 32 zisije zikachanganyikiwa mwaka 2038, maktaba kibao zikabadilishwa majina, libssl3 ikawa libssl3t64, na hizo mbili hazikai nyumba moja. Ukichanganya bookworm na kitu chochote kipya kuliko hapo, apt inajikuta inataka kuondoa pakeji mia ili iingize moja. Haijachanganyikiwa, inafanya hesabu uliyoipa.

Sasa ukirekebisha, kitu cha kwanza ni kutofanya kitu. Sitanii. Usirestati, usizime, maana sasa hivi desktopu inaishi kwenye memori, ukirestati huenda isirudi. Chomeka flashi au diski ya nje, kopi folda yako ya home kwanza. Na apt ikikuletea orodha ndefu ya vitu inavyotaka kufuta, isome yote, ukiona gdm3 (skrini ya kuingilia) au network-manager (inayoshika mtandao) au jina la desktopu yako humo jibu n. Mwaka 2021 yule Linus Sebastian wa YouTube alikuwa anainstoli Steam tu kwenye Pop!_OS, apt ikamuonya kwamba inafuta vitu vya msingi, ikamtaka aandike sentensi nzima, Yes, do as I say!, akaiandika, desktopu ikaondoka mbele ya kamera. Pale hakukuwa na ripozitori ya ugenini hata moja, vesheni tu zilikuwa hazilingani ndani ya ripozitori yao wenyewe. Sasa wewe mwenye mbili!

Ukishakopi, andika apt policy peke yake, itakuletea vyanzo vyote na vipaumbele vyake. Halafu apt policy libc6. Hapa angalieni skrini vizuri. Zile nyota tatu zinaonyesha vesheni uliyonayo sasa hivi. Kwenye mashine hii ya mfano nyota zimekaa kwenye 2.41 ya Kali, na chini yake kuna 2.36 ya Debian imekaa tu haina kazi. Sasa nakwenda sources.list na folda ya sources.list.d, kila mstari ambao si wa Debian naupiga alama ya reli (#) mwanzoni, na wa backports (vesheni mpya zilizoletwa kwenye Debian ya zamani) pia kama upo, kwa muda tu, kwenye mafaili ya .sources naandika Enabled: no, halafu apt update. Narudia apt policy libc6. Mmeona? Nyota bado ziko pale pale ila chanzo chake sasa kimebaki /var/lib/dpkg/status na namba 100, yaani hakuna ripozitori inayoitambua tena, imekuwa yatima.

Hao mayatima wote unawapata hivi: apt list --installed | grep local. Watu wengi wanatafuta neno kali au ubuntu kwenye majina ya vesheni, inasaidia kidogo, lakini pakeji nyingi za Kali zimechukuliwa Debian testing bila kuguswa, hazina huo muhuri, zitakupita. Ukitaka kujua ziliingia lini na kwa amri gani fungua /var/log/apt/history.log, kila kitu kimeandikwa humo na saa yake, ushahidi wa mahakamani kabisa.

Baada ya hapo tunaiambia apt irudi nyuma, kitu ambacho kwa kawaida haifanyi. Unatengeneza faili kwenye /etc/apt/preferences.d, jina lolote, mistari mitatu:

Package: *
Pin: release o=Debian
Pin-Priority: 1001

Hiyo 1001 sijaitoa hewani, kipaumbele kikifika 1000 au kuzidi ndipo apt inaruhusu kushusha vesheni. Halafu apt -s full-upgrade, hiyo -s ni ya kuigiza, haigusi kitu. Unasoma. Haijakupendeza, unatafuta ile pakeji moja inayozuia, mara nyingi ni ile ile uliyoifuata Kali, unaitoa kwa jina, unaigiza tena. Ikishakaa sawa unaondoa -s. Mwishoni unamuuliza dpkg, fundi anayefungua pakeji chini ya apt: dpkg -l | grep -v '^ii', ukiona iU au iF hizo zimeishia njiani, piga dpkg --configure -a. Na lile faili la 1001 lifute ukimaliza, usiliache humo.

Dada hapa mbele anauliza kwa nini tusi-format tu tupumzike. Swali zuri, na kuna wakati jibu ni ndiyo. Debian wenyewe hawaungi mkono kushusha vesheni, hakuna anayezipima hizo script za kurudi nyuma. Kama ni pakeji ishirini za pembeni, shusha. Kama libc6, perl na dpkg zenyewe zimeshapanda, ukishusha libc6 zile nyingine zinaweza zikafa katikati ya safari, na dpkg ikifa ndiyo fundi mwenyewe kafa. Hapo mimi naangalia ugeni ulitoka wapi. Umechanganya bookworm na trixie, yaani Debian 13? Usirudi nyuma, nenda mbele, badilisha mistari yote iwe trixie umalizie safari kihalali, ipo tangu Agosti 2025. Umechanganya na Kali au Ubuntu mpaka kwenye libc6? Bekapu, weka upya, jioni unakunywa chai, na hii mashine ya mfano nayo ni ya kundi hilo, nimeitumia kuwaonyesha hatua tu. Na kushusha pakeji hakushushi data, Firefox kwa mfano tangu vesheni ya 67 ukiirudisha nyuma inakataa profaili yako, inataka ufungue mpya.

Kwa aliyekwisha kurestati na skrini ni nyeusi: Ctrl+Alt+F3, utapata teminali, ingia na paswedi yako. Wifi haipo? Chomeka simu kwa waya, washa kushea intaneti kwa USB, network-manager ikiwa imesalimika utapata neti, ila angalia bando kwanza maana full-upgrade inakula.

Na ukitaka vitu vipya bila vurugu njia zipo: backports za Debian, Flatpak (programu inayokuja na maktaba zake), au distrobox unaweka Ubuntu nzima ndani ya kontena, ikivurugika unafuta kontena tu. Kali iweke kwenye mashine pepe, na huko nako usiiwekee ripozitori za wengine, wenyewe wameandika kwenye nyaraka zao kwamba kuna uwezekano mkubwa itavunjika.

Na kaka mwenye Mint aliyeuliza kuhusu yake, yako ni nyepesi, hiyo ni PPA tu. Instoli ppa-purge, mpe jina la hiyo PPA, ataifunga na kushusha pakeji zake mwenyewe. Ikikataa njoo nayo hapa mbele tuanze na apt policy, na chaja uje nayo.