Jaramogi na Jasho la Mkulima

Mhadhara uliotolewa Kisumu mbele ya wanachama wa vyama vya ushirika vya wakulima na wanafunzi wa historia

Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliokosa viti mkakubali kusimama, asanteni kwa kunialika. Mmeniomba nizungumzie maisha ya Jaramogi Oginga Odinga. Hapa Kisumu jina hilo halihitaji kutambulishwa. Liko kwenye barabara, liko kwenye chuo kikuu kule Bondo, liko kwenye hospitali ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Lakini mara nyingi anasimuliwa kama mtu wa Moscow aliyegombana na watu wa London na Washington, basi. Mimi naona simulizi hiyo inamnyima haki yake. Alikaa upinzani karibu miaka thelathini, na anayetaka kujua kwa nini, aanze na mkulima. Aanze na swali ambalo kila mmoja wenu hapa amewahi kuliuliza: mazao yakishatoka shambani, pesa anashika nani?

Alizaliwa mwaka 1911 Nyamira Kang'o, Bondo. Akasoma Maseno, akaenda Alliance, akamalizia Makerere, akarudi kufundisha. Watu hupita haraka hapo, lakini mimi nataka tusimame kidogo. Kuanzia mwaka 1943 hadi 1946 alikuwa mkuu wa shule ya mifugo pale Maseno. Yaani kabla hajawa mwanasiasa, kazi yake ilikuwa kufundisha vijana wa kiafrika habari za ng'ombe, ugonjwa na malisho. Na alifundisha mambo hayo wakati gani? Wakati wa vita, serikali ya kikoloni ilipoanza kudhibiti soko la mahindi mwaka 1942. Mlowezi alipata bei ya juu, Mwafrika wa Nyanza akapewa ya chini kwa mahindi yale yale. Na hata hiyo ya chini ilikatwa kabla haijamfikia, fedha zikapelekwa kwenye mfuko ulioitwa wa kuboresha kilimo. Mkulima hakuulizwa kama anataka kuboreshwa kwa mtindo huo.

Mtu anayefundisha kilimo katika hali hiyo ana njia mbili. Anaweza kuendelea kumwambia mkulima afanye bidii zaidi. Au anaweza kujiuliza bidii hiyo inamnufaisha nani. Odinga aliacha kazi ya serikali, akaanza kuwaomba watu waweke akiba pamoja. Kilichoanza Bondo kama chama cha kuweka akiba kilisajiliwa mwaka 1947 kuwa kampuni, Luo Thrift and Trading Corporation. Aliuza hisa kwa wakulima wa Nyanza na kwa vijana wao waliokuwa vibarua kwenye reli na mashamba makubwa, akasafiri Afrika Mashariki nzima akiwafuata huko walikohamia kutafuta kazi. Kampuni ikawa na maduka, ikawa na mtambo wa kuchapisha magazeti, ikajenga Africa House hapa mjini.

Tusiipambe kampuni hiyo kupita kiasi. Haikuwatajirisha wenye hisa. Nyinyi wenyewe mmeendesha vyama, mnajua biashara ya watu wengi wenye mtaji mdogo inavyosumbua. Lakini nawaomba mtazame kilichofanyika. Mkulima aliyezoea kusimama nje ya dirisha la mnunuzi akisubiri kuambiwa bei, sasa alikuwa na cheti cha hisa chenye jina lake, na aliitwa kwenye mkutano kuuliza maswali kuhusu hesabu. Mtu akishazoea kuuliza hesabu za duka, haichukui muda kabla hajauliza hesabu za serikali. Hapo ndipo siasa za Jaramogi zilipozaliwa, naamini hivyo kwa dhati.

Ya baadaye mnayajua. Aliuacha uongozi wa Luo Union, akachaguliwa kuingia bunge la kikoloni mwaka 1957, na mwaka uliofuata akasimama humo kusema kwamba Kenyatta na wenzake waliofungwa bado ndio viongozi wa wananchi. Wakati huo kutamka jina la Kenyatta kwa heshima kulihitaji moyo. Mwaka 1960 akawa makamu wa rais wa chama cha KANU, mwaka 1963 waziri, na Desemba 1964 makamu wa kwanza wa rais wa jamhuri.

Sasa tufike kwenye ardhi, kwa sababu hapa ndipo udugu wake na Kenyatta ulipovunjika. Serikali ya uhuru ilirithi mpango wa kununua ekari milioni moja kutoka kwa walowezi. Familia takriban 35,000 zikapata mashamba. Hilo si jambo dogo, na wapo hapa watu ambao wazazi wao walipata vipande vyao kwa njia hiyo. Lakini mashamba hayo yalinunuliwa kwa mikopo ya Uingereza na Benki ya Dunia, na deni likabebeshwa mkulima mdogo. Fikirieni hali yake. Babu yake alinyang'anywa ardhi bila kulipwa chochote, kisha yeye anapewa ekari chache pamoja na kitabu cha mkopo. Mahindi ya msimu wa kwanza hayajakomaa na ofisa wa makazi amekwisha kuja kuulizia malipo. Na wakati huo huo mashamba mengine makubwa yalihama mzima mzima kutoka kwa mlowezi kwenda kwa mkubwa serikalini.

Bildad Kaggia aliyasema hayo hadharani akiwa mbunge wa Kandara. Mwaka 1965 Kenyatta alimkemea mbele ya umati, akimuuliza amejifanyia nini yeye mwenyewe, wakati wenzake waliofungwa naye tayari wana mashamba. Tafadhali lifikirieni swali lile. Rais anamkemea mbunge kwa sababu hajajitajirisha! Kaggia na Odinga walitoka mikoa tofauti na makabila tofauti, lakini kwenye suala la ardhi lugha yao ilikuwa moja. Machi 1966, kwenye mkutano wa KANU huko Limuru, cheo cha Odinga chamani kiligawanywa kwa manaibu wanane. Aprili akajiuzulu umakamu wa rais na kuongoza chama kipya, Kenya People's Union (KPU), Kaggia akiwa naibu wake. Sera yao ya ardhi ilikuwa wazi: asiye na ardhi apewe bila kulipishwa, na ukubwa wa shamba la mtu mmoja uwe na kikomo. Kwenye uchaguzi mdogo wa mwaka huo KPU ilipata viti 9 kati ya 29. Kuanzia hapo jambo la mkulima likageuzwa kuwa la kabila, na wengi wakalimeza.

Oktoba 25, 1969, sitaieleza kwa urefu. Wazee waliokuwapo siku Kenyatta alipokuja kuifungua hospitali hiyo ya Russia wanaijua kuliko mimi. Risasi zilifyatuliwa kwa watu wa mji huu na zikaendelea barabarani msafara ukiondoka. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku, Jaramogi akawekwa kizuizini hadi 1971. Mwaka 1974 akazuiwa kugombea, na 1979 tena.

Kisha ikaja sehemu ambayo wanahistoria huipa aya moja, na kwenu nyinyi wa ushirika ndiyo ingestahili kitabu. Rais Moi alimteua kuwa mwenyekiti wa bodi ya taifa ya pamba. Wengine wanasema ilikuwa njia ya kumtuliza mzee. Huenda. Lakini tazameni alikabidhiwa nini. Pamba ndiyo iliyokuwa pesa ya Samia, ya Bondo, ya Nyando, ya Homa Bay. Waliolima wanaijua kazi yake: kupalilia mara kadhaa, kupiga dawa, kuvuna kwa mkono kutoka kwenye vifuko vinavyokwaruza vidole, kisha kukaa kwenye mkeka nyumbani kutenga iliyo nyeupe na ile yenye madoa ya wadudu, kwa sababu bei haziko sawa. Gunia linafika kituoni, linapimwa, unaandikiwa karatasi. Halafu unasubiri. Katika kila kilo tatu unazopeleka jineri, yaani kiwanda cha kuchambua pamba, karibu moja tu ndiyo nyuzi. Zilizobaki ni mbegu, nazo zina mafuta na mashudu, nazo pia ni mali. Miaka ile mkulima alilipwa mwisho kabisa, baada ya chama, jineri, bodi na mwenye lori kuchukua vyao. Wapo waliosubiri malipo mpaka msimu mwingine ukaingia, na wapo waliong'oa pamba wakapanda mahindi.

Odinga hakudumu kwenye kiti hicho. Mwaka 1981, akizungumza Mombasa, alisema ugomvi wake na Kenyatta ulikuwa kuhusu unyakuzi wa ardhi. Kenyatta alikuwa amekufa miaka mitatu tu. Moi akamwondoa, na mlango wa kurudi bungeni kupitia Bondo ukafungwa, ingawa mbunge wa huko alikuwa amejiuzulu kumpisha. Naona jambo la kumheshimu hapo. Angenyamaza tu, angebaki na kiti, gari na bendera. Alilijua hilo, na bado akarudi kwenye ardhi.

Mwaka 1982 akafukuzwa KANU, nchi ikafanywa ya chama kimoja kisheria, akazuiliwa nyumbani kwake hapa Kisumu. Alipokaribia miaka 80 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa FORD, vuguvugu la kudai vyama vingi, na Desemba 1991 kifungu cha chama kimoja kikafutwa. Ushindi huo ni wake kama ulivyo wa yeyote. Lakini FORD ikapasuka, Jaramogi upande mmoja na Kenneth Matiba upande mwingine, na katika uchaguzi wa 1992 Moi alishinda kwa takriban asilimia 36, wapinzani wakigawana zilizobaki. Jaramogi alikuwa wa nne. Kwangu mimi hilo ndilo kosa kubwa la maisha yake na la Matiba pia: kila mmoja alidhani mwenzake ndiye angepisha.

Mwaka 1993 alichagua kushirikiana na Moi, akisema watu wa Nyanza wamekaa nje ya maendeleo muda mrefu mno. Baadhi ya waliokuwa karibu naye chamani hawakukubali, wakaondoka. Mimi siamini alinunuliwa. Naamini alikuwa mzee aliyeona jineri zikidorora na wakulima wake wakizeeka bila kulipwa, akataka kitu kifanyike akiwa hai. Hakikufanyika. Alifariki Januari 20, 1994.

Mwenyekiti, naishia hapo ili tupate nafasi ya maswali. Ningependa waanze wale waliokuwa wakiuza pamba miaka ile ya bodi. Kama kuna mwenye karatasi za kituo ambazo hazikulipwa, naomba azilete kwa katibu tuzinakili kabla hazijaliwa na mchwa.