Mdogo wangu, usihesabu zumu: soma namba ya pili kwenye lenzi

Shikamooni wazee wangu. Wadogo zangu wa Mbeya, Iringa na Njombe, hamjambo? Hapa Leipzig ni saa kumi na nusu jioni na giza limeshaingia, Desemba ya huku ndivyo ilivyo. Nimetoka zamu ya asubuhi wodini, koti sijavua, ila nimeona nirekodi leoleo kwa sababu kuna mtu Tukuyu ananisubiri.

Mdogo wangu anapiga picha za kwaya na sendofu. Ameniandikia: "Dada, niletee kamera ndogo, lakini iwe na zumu kubwa, 30 au zaidi." Na nyinyi wa Mwanjelwa, Uyole, Makambako na Mafinga mnaniuliza hilohilo kila wiki. Jibu langu ni hapana, zumu 30 siileti. Naomba mnisikilize hadi mwisho kabla hamjaninunia.

Mnakumbuka nilikuja nyumbani Pasaka. Sisi Wamoraviani alfajiri ya Pasaka tunakwenda makaburini kabla jua halijachomoza. Mnaojua Tukuyu ya masika mnanielewa: ukungu umelala juu ya migomba, matope yameshika viatu, watu wamejifunga khanga na makoti, tarumbeta zinaanza taratibu mbele na kwaya inapokea. Mama yangu alisimama kwenye kaburi la baba akaimba beti zote kwa kichwa, hakufungua kitabu. Mimi nilikuwa mbali kidogo, sikutaka kumsogelea na kamera usoni saa ile. Nikavuta zumu. Kamera yangu ya wakati huo ilikuwa na hiyo 30 inayotafutwa.

Nilipofika huku nikafungua ile video kwenye kompyuta. Uso wa mama umejaa chenga. Macho hayaonekani, khanga yake ya bluu imekuwa kijivu. Sauti ipo, namshukuru Mungu, lakini uso haupo. Nililia, siwafichi. Fleshi ningewasha? Makaburini, watu wanaomba? Haiwezekani.

Kwa hiyo nikakaa chini kujifunza kilichotokea, na hicho ndicho ninachotaka mkipate.

Chukua kamera yoyote ndogo, tazama maandishi yanayozunguka kioo cha lenzi. Utakuta namba mbili zimeandamana, kwa mfano 1.8-2.8, au 3.3-6.4. Hizo ni namba za f, yaani ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga. Namba ikiwa ndogo, tundu ni pana. Ya kwanza ni ya lenzi ikiwa haijavutwa. Ya pili ni ya lenzi ikiwa imevutwa hadi mwisho, na hiyo ndiyo wauzaji hawaitaji. Dukani wanakuonyesha "30x" kwa maandishi makubwa, na 30x maana yake ni kwamba mwisho wa lenzi ni mara 30 ya mwanzo wake, milimita 24 hadi 720 kwa kipimo cha kamera kubwa, basi. Haisemi lolote kuhusu mwanga.

Kamera yangu ilikuwa 6.4 mwishoni. Mwanga unaopita kwenye f/2.8 ni zaidi ya mara tano ya ule unaopita kwenye f/6.4. Mara tano! Siku ile kamera ilipanda hadi ISO 6400, yaani ilikuwa inauongeza kwa nguvu mwanga ambao haikuupata, na chenga zinatokea hapo. Kwa f/2.8 ingetosha ISO 1250 hivi, na mama ningemwona.

Sasa kwa nini wasitengeneze kamera ndogo yenye vyote viwili? Namba ya f ni urefu wa fokasi wa lenzi (milimita zake halisi, si za kipimo cha kamera kubwa) kugawanya kwa upana wa tundu. Sony RX100 III, ya mwaka 2014, lenzi yake ikivutwa hadi mwisho ina urefu halisi wa milimita 25.7. Tundu la milimita 9 tu linakupa f/2.8, na mwili wake unaingia mfuko wa koti. Lakini RX100 VII ya 2019 inafika 200 kwa kipimo kilekile cha kamera kubwa, na urefu halisi ni milimita 72. Ukitaka f/2.8 pale mwishoni, tundu liwe karibu milimita 26, karibu sawa na kifuniko cha chupa ya soda. Haliingii. Ndiyo maana wakaishia f/4.5. Sony hiyohiyo mwaka 2013 walitoa RX10, 24 hadi 200, f/2.8 mwanzo mwisho, na ina uzito wa zaidi ya gramu 800. Kamera nzuri sana, ila utaibeba shingoni, mfukoni haiingii.

Jambo jingine ni sensa, kile kibamba kinachopokea picha ndani. Simu nyingi zina f/1.8, kwa hiyo mtu ananiambia, "Dada, simu yangu inatosha." Mchana inatosha kabisa, panda nayo kilele cha Loleza upige Mbeya mjini kote hadi uchoke. Lakini sensa za simu nyingi ni ndogo, na ukivuta sana simu inakata kipande cha picha na kukikuza. Hizi kamera ninazozitaja zina sensa inayoitwa ya inchi 1, ingawa ukiipima ni milimita 13.2 kwa 8.8. Kamera nyingi ndogo za zumu 30 zina sensa yenye eneo la karibu robo ya hiyo. Kwa hiyo Pasaka ile nilikuwa nimepungukiwa mara mbili, tundu na sensa.

Sasa orodha yangu ni fupi. Ninazo mbili kichwani, zote za kununua zikiwa zimeshatumika, maana mshahara wangu mnaujua.

Ya kwanza ni hiyo RX100 III: 24 hadi 70, f/1.8 hadi 2.8. Ina kidirisha cha kuchungulia kinachochomoza juu, na kitakusaidia sana ukienda Kitulo mwezi wa kwanza maua yakiwa yamefunguka na jua la juu kule linapiga kioo cha nyuma hadi huoni kitu. Kasoro yake, haina tundu la maiki ya nje. Ya pili ni Canon G7 X Mark III ya 2019: 24 hadi 100, nayo f/1.8 hadi 2.8. Mdogo wangu, sikia hapo: inafika mbali zaidi na bado namba ya pili ni ileile. Ina tundu la maiki, na kwa kwaya hilo ni jambo kubwa kuliko yote niliyosema leo. Haina kidirisha cha kuchungulia. Na vijana wa TikTok wameipandisha bei, hata iliyotumika ni ghali.

Kuna Panasonic LX100 pia, 24 hadi 75, f/1.7 hadi 2.8, sensa yake kubwa zaidi ya hizo mbili. Naipenda kwa picha za kawaida. Kwa kurekodi kwaya hapana, maiki ya nje haiingii.

Wa Iringa mnaotaka simba wa Ruaha, samahani, hizi si zenu. Kwa 70 au 100 simba atakuwa doa, na kumsogelea haturuhusiwi. Nyinyi tafuteni kamera ya lenzi ndefu, mchana wa Ruaha mwanga upo wa kumwaga.

Halafu matunzo, maana lenzi za hizi kamera hazibadilishwi. Zikiingia vumbi ndani, fundi wake ni wa kutafuta kwa tochi. Ukiwa unateremka kutoka Tukuyu kwenye baridi kwenda Kyela au Matema, ifunge kwenye mfuko wa nailoni ungali huko juu, na usiifungue hadi ipate joto la kule chini. Ukiitoa ghafla umande unatanda kwenye kioo, na hata ndani. Betri nunua mbili. Kwa vipimo vya watengenezaji G7 X hiyo haifiki picha 300 kwa chaji moja, na Makete mwezi wa saba baridi itakupunguzia tena. Ya akiba iweke mfuko wa ndani wa shati, karibu na mwili.

Na kabla ya kununua iliyotumika, popote ulipo, iwashe mara kumi, usikilize lenzi ikitoka na kurudi. Ikikwaruza, iache. Kisha piga ukuta mweupe, tafuta madoa.

Mdogo wangu, nimeongea sana. Juzi nimeona moja moja ya hizo mbili kwenye duka la vilivyotumika hapa karibu na stesheni, zote nimezishika mkononi, zote lenzi haikwaruzi. Mama mchungaji anasafiri Jumamosi, na kwenye begi lake amenipa nafasi ya kitu kimoja tu. Nijibu kabla ya Alhamisi usiku: kidirisha, au maiki? Na mwulize mama kama Pasaka hii yuko tayari umrekodi tena palepale kwenye kaburi la baba. Akikubali, simama mkono wa kushoto, upande wa mparachichi, mwanga wa kwanza unatokea huko. Ndaga fijo, asanteni sana.