Jinsi ya kupiga picha mimea ya porini jua la jioni likiwa nyuma yake

Habari za jioni, karibuni. Leo tuko nje kidogo ya mji wa Iringa. Ni Juni, mvua zimeshakatika na nyasi zimeanza kukauka. Sasa hivi ni saa kumi na moja na robo. Jua litazama karibu saa kumi na mbili na nusu, lakini hebu tazama pale magharibi, kuna kilima. Kile kitatunyang'anya dakika kadhaa, kwa hiyo saa ya machweo unayoiona kwenye simu usiiamini moja kwa moja.

Tunachofanya ni hiki: tunatazamana na jua, na mmea unakaa katikati yetu.

Tuanze na muda, maana hapa ndipo wengi wanapopotezwa. Mafunzo mengi ya mtandaoni yanakuambia una saa nzima ya mwanga wa dhahabu, yaani ule mwanga laini wa manjano kabla jua halijazama. Huko yanakotengenezwa ni kweli. London mwezi huu wa Juni jua linashuka kimshazari, linajivuta. Huku kwetu, karibu na ikweta, linashuka karibu wima. Kutoka digrii 6 juu ya upeo mpaka kuzama ni dakika 25 hadi 30 hivi, karibu nusu ya muda wa London. Na likishagusa upeo, dakika mbili na kidogo limekwisha. Kwa hiyo ukifika saa kumi na mbili ndiyo unaanza kutafuta ua la kupiga, umechelewa.

Kipimo rahisi cha uwanjani: nyoosha mkono, laza vidole vitatu vya katikati juu ya upeo, au juu ya kilima kama kipo. Jua likikaa juu kidogo ya vidole, zimebaki kama dakika 20. Ulikinge kwa kiganja, usilikodolee macho.

Sasa tuchague mmea, na tuuchague mapema. Tembea ukielekea jua, taratibu. Jani la mkonge hili hapa, unaona? Nene, mwanga haupiti. Litakupa umbo jeusi tu, basi. Umbo jeusi nalo ni picha nzuri, ila silo tunalotafuta leo. Tunataka kitu chembamba kinachopitisha mwanga, au chenye vinyweleo vinavyoushika na kuutawanya. Hizi nyasi zenye masuke ya rangi ya waridi, wataalamu wanaziita Melinis repens, zimejaa kando ya barabara na hakuna anayezitazama mchana. Subiri jua likae nyuma yake: kila unywele unawaka. Kishona nguo iliyokauka nayo ni nzuri mno, zile mbegu zinasimama kama miale. Suruali yako itajuta, lakini picha utaipata.

Hatua inayofuata ndiyo inayobeba picha yote, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Nyuma ya mmea kuna nini? Wengi wanaweka anga, kwa kuwa anga ndilo lenye rangi. Angalia skrini yangu: suke hili mbele ya anga. Limepotea, mwanga juu ya mwanga. Sasa sogea nami, hatua mbili kushoto, halafu ninapanda kwenye hiki kichuguu ili kamera itazame chini kidogo. Nyuma ya suke sasa kuna kile kichaka, upande wake wa kivulini. Suke ni lile lile, jua ni lile lile, na tazama linavyong'aa! Kwa hiyo kabla ya mmea, tafuta giza. Kichaka, ubavu wa kilima, gogo, hata rafiki yako akisimama na koti jeusi mita chache nyuma inatosha. Ukishapata giza, ndipo utafute mmea ulio mbele yake.

Mara nyingine itabidi ulale chini. Kabla hujalala, pigapiga nyasi kwa fimbo na uangalie vizuri. Kifutu si nyoka wa kukimbia akisikia mtu, anatulia pale pale alipo. Usipeleke mkono mahali ambapo macho hayajafika.

Haya, simu. Futa lenzi kwanza kwa kitambaa laini. Alama ya kidole ambayo mchana huioni, ukielekea jua inageuka ukungu mweupe picha nzima. Gusa suke kwenye skrini, shikilia mpaka fokasi ijifunge, kisha buruta kidole kushuka chini upunguze mwangaza. Simu itataka kung'arisha kila kitu, ikatalie. Kama ina HDR, yaani ule mpangilio unaochanganya picha kadhaa ili penye giza na penye mwanga vyote vionekane, na unaweza kuizima, izime, kwa sababu inajaza kivuli ambacho tumekitafuta kwa jasho.

Wenye kamera: fokasi wekeni kwa mkono, kwa kuwa mwanga wa mbele unaichanganya ile ya otomatiki. Tundu la lenzi lifunguliwe, f/4 hivi (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana), ili kichaka cha nyuma kilainike. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, isiwe chini ya 1/250 ya sekunde, upepo wa jioni wa Iringa unautikisa mmea mfululizo. Na jambo moja la usalama: kama kamera yako ni DSLR, ile yenye kioo ndani kinachopeleka mwanga wa lenzi kwenye dirisha la kuchungulia, usilitazame jua kupitia hapo, hasa kwa lenzi ndefu. Lenzi inakusanya jua lote na kulipeleka machoni. Tumia skrini ya nyuma.

Jua lenyewe lifiche. Liweke nyuma ya shina, au nje kidogo ya fremu. Likiwa nje, kinga lenzi kwa kofia au kiganja, hivi, mpaka uone weupe umeondoka na weusi umerudi. Angalia tu vidole visiingie pichani.

Ukitaka upande wa mbele wa ua uonekane, mwambie mwenzako ashike kadibodi nyeupe upande wako, irudishe mwanga kidogo. Kwa nyasi sihangaiki nayo, kwa maua naitumia.

Jua limegusa kilima. Sasa usiongee, piga. Piga mfululizo upepo ukitulia.

Limezama. Usifunge begi bado. Kwa dakika chache anga la magharibi linabaki na rangi, na sasa ndipo lile jani la mkonge linapopata zamu yake: liweke mbele ya anga tupu, pima mwangaza kwenye anga, umbo liwe jeusi kabisa. Kasi itashuka, kwa hiyo egemeza simu kwenye jiwe au tumia stendi. Giza letu linaingia haraka, tochi iwe mfukoni kabla hujaihitaji.