Govind Swarup na Darubini ya Mlimani

Mabibi na mabwana, nashukuru kwa mwaliko. Mmeniomba niwaeleze kazi ya Govind Swarup, mwanaastronomia wa redio wa India, yaani mchunguzi wa anga kwa kupokea mawimbi ya redio yatokayo huko, aliyezaliwa mwaka 1929 na kufariki Pune mwaka 2020. Masomo yake nayapita mbio: Allahabad, muda kidogo Australia, kisha uzamivu wa Stanford mwaka 1961. Utamu unaanza aliporejea nyumbani mwaka 1963 kwa mwito wa mwanafizikia Homi Bhabha, kwenye nchi ambayo fedha za kigeni zilikuwa haba mno.

Mtambo wake wa kwanza ulikuwa mtumba, ndiyo, mtumba kabisa! Waaustralia walikuwa na madishi 32 wasiyoyahitaji tena. Akayaomba, yakapakiwa melini, na mwaka 1965 yakawa yanalipima jua kutoka Kalyan, karibu na Mumbai.

Kisha likaja wazo la darubini ya Ooty, mji wa milimani kusini mwa India, na hapa naomba mnivumilie. Dunia huzunguka, kwa hiyo darubini lazima izifuate nyota zinavyosogea. Kuligeuza dishi kubwa juu na chini, kushoto na kulia, ni gharama kubwa. Lakini ukilaza mtambo mrefu sambamba na mhimili wa dunia, unaubiringisha upande mmoja tu, basi. Kikwazo ni kwamba kule kusini mwa India mhimili huo umeinuka digrii 11 kutoka usawa wa ardhi. Swarup na vijana wake wakazunguka milima ya Nilgiri mpaka wakapata mteremko wa digrii hizohizo, unaopanda kuelekea kaskazini. Mwaka 1970 darubini ikawa tayari: urefu mita 530, upana mita 30. Mwezi ulipopita mbele ya chanzo cha mawimbi na kuyakata, wao walipima saa na namna yalivyokatika, wakajua chanzo kiko wapi na kina ukubwa gani.

Sasa fikirini: ikweta je? Pale mhimili umelala sambamba na ardhi. Mlima hauhitajiki, tambarare inatosha. Ndiyo maana mwaka 1979 Swarup, pamoja na wanasayansi Thomas Odhiambo wa Kenya na Samuel Okoye wa Nigeria, walipendekeza darubini ya kilomita 2, ya ushirikiano wa nchi zinazoendelea, na Kenya ilikuwa miongoni mwa mahali palipofikiriwa. Haikujengwa. Kwa maoni yangu hasara ilitupata sisi kuliko yeye, maana yeye aliendelea na jambo lingine: GMRT (Giant Metrewave Radio Telescope), darubini ya redio ya madishi 30 yenye kipenyo cha mita 45 kila moja, yaliyotawanywa kaskazini mwa Pune. Badala ya mabati mazito, alitandaza wavu wa nyaya juu ya kamba za chuma. Upepo unapenya, chuma kinachohitajika kinapungua, na mawimbi marefu ya redio hayapiti kwenye matundu madogo namna ile.

Muda wa kuutumia mtambo huo huombwa na watafiti wa nchi yoyote. Wanafunzi mliokaa nyuma kule, hilo linawahusu. Karibuni maswali.