Debe Limejaa Nini?

Wazee wangu, mama zangu, vijana. Hili la kuuza mazao kwa kilo, si kwa debe, nimelisema Kongwa, nimelisema Kibaigwa, na leo nalisema tena hapa Dodoma mjini, kwa sababu mavuno yakianza tu mkulima anarudi palepale: "Debe unachukua kwa shilingi ngapi?" Debe limejaa nini, ndugu yangu?

Mwulize mwanafunzi ujazo ni nini, atakujibu urefu mara upana mara kimo. Sawa kabisa, kwa boksi. Lakini ujazo tunaoutaja kila siku ni mambo matatu. Kuna nafasi inayochukuliwa na kitu chenyewe: tumbukiza jiwe kwenye ndoo iliyojaa pomoni, maji yatakayomwagika ndiyo ujazo wake. Kuna nafasi ya ndani ya chombo: debe la lita 20 ni la lita 20 hata likiwa tupu. Halafu kuna ujazo wa lundo, na huu ndio unaotutia hasara, kwa kuwa lundo la nafaka ni punje pamoja na hewa iliyo katikati yake.

Hapa mnivumilie. Mwaka 1611 mwanaastronomia Johannes Kepler alidai kwamba mipira inayolingana, uipange kwa ustadi wowote, haijazi zaidi ya asilimia 74 hivi ya nafasi. Uthibitisho ulikuja mwaka 1998, kutoka kwa mwanahisabati Thomas Hales. Ukiimwaga ovyo na kuitikisa, inafika kama asilimia 64. Punje ya hindi si mpira, asilimia zake ni nyingine, lakini kanuni ni ileile: ukitikisa, punje zinashuka kwenye mianya na hewa inatoka. Sasa mtazameni mnunuzi akiwa shambani. Anamimina, anatikisa debe, analigonga chini, anashindilia, kisha anaweka kilele. Akifika mjini kuuza rejareja, anamimina taratibu na kukwangua juu kwa kijiti. Debe ni lilelile! Ila mahindi yaliyotoka kwako ni mengi kuliko anayompa mteja wake, na hiyo tofauti ni jasho lako wewe. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ni hesabu hiyohiyo, imehamia kwenye gunia.

Najua mtu ataniambia: mwalimu, hata mizani huchezewa, na mahindi yasiyokauka yanaongeza kilo. Kweli. Ndiyo maana mizani huhakikiwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika, na kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Vyote hivyo vinapimika. Mkono unaotikisa debe unaupima kwa kipimo gani?

Na wenzetu wa alizeti, msikubali kuambiwa debe ni debe. La alizeti ni jepesi kuliko la mahindi, kwa hiyo bei ya debe moja haikuambii lolote kuhusu jingine. Uzeni kwa kilo.

Nilitaka kufika kwenye tripu za mchanga, muda hautoshi. La maji nalitaja upesi: mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 50, likipata milimita 500 kwa msimu, linapokea lita 25,000. Mita 1 ya ujazo ni lita 1,000, kwa hiyo fundi akikuuzia tangi, chukua futikamba upime mwenyewe kabla hujalipa.