Safu ya Kumi na Moja

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Nimeombwa nizungumze nanyi, wachangishaji fedha wenzangu wa mashirika ya hisani, kuhusu utulivu misaada inapokatwa, na mke wangu alipoisikia mada hiyo alicheka mpaka akakaa chini. Mimi ni mtu wa roho juu juu. Basi nisikilizeni hivyo hivyo.

Januari 20, 2025, rais wa Marekani alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90. Siku chache baadaye barua za kusimamisha kazi zikaanza kumiminika. Februari, Uingereza ikatangaza kwamba itashusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Julai 1, USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani lililodumu tangu 1961, ikafunga kazi yake ya misaada. Kwa hiyo ukiniambia unaogopa, sitakwambia tulia. Sababu unayo.

Ila hofu yetu sisi wachangishaji hunenepa pale hesabu isipojulikana. Ruzuku yetu kubwa ilipokatwa, usiku uleule niliwaandikia wachangiaji wote. Barua ilikuwa ya kilio tupu. Asubuhi akanipigia mama mmoja, mtu wa kutoa kidogo kidogo kila mwezi, miaka nenda miaka rudi. "Mwanangu, kwani mnafunga?" Nikababaika. Sikuwa namficha kitu, sikujua.

Nikaenda kwa mhasibu. Alifungua jedwali lenye safu 13, kila wiki na safu yake. Akaingiza mishahara, pango, madeni. Kisha akaniuliza kinachoingia. Nikamtajia ahadi ya kwanza, "hii ya uhakika." Akauliza, "Imesainiwa?" Bado. Akaifuta. Ya pili, bado. Akaifuta. Ya tatu sikuitaja tena. Halafu akanionyesha jambo ambalo mkuu wa uchangishaji mzima nilipaswa kulijua: zile fedha nilizokuwa nikiziona benki, sehemu kubwa zilikuwa za miradi yenye masharti, na huwezi kuzilipia umeme wa ofisi. Tulipozitoa, fedha zikaishia safu ya kumi na moja; ya kumi na mbili ikawa nyekundu.

Wiki kumi na moja. Habari mbaya kabisa, lakini usiku huo nililala.

Kesho yake nikawaambia wafanyakazi namba ile ile. Tunajidanganya kwamba tunaficha, kumbe wenzetu wanatusoma hata kwa namna tunavyofunga mlango. Nikawaeleza tutakachosimamisha kwanza, na kwamba kila Ijumaa saa nne tutakutana, habari ziwepo zisiwepo. Ijumaa ya pili sikuwa na la kusema. Tulikaa dakika sita, tukaondoka. Naamini kikao kile kilisaidia kuliko vingine vyote, maana minong'ono ya kwenye korido ilipungua kuanzia siku hiyo.

Kwa wafadhili wakubwa msione haya kuomba masharti yalegezwe. Mwaka 2020, Uviko ilipoingia, mamia ya taasisi za hisani za Marekani zilisaini ahadi ya kufanya hivyo hivyo: fedha za mradi zigeuzwe za uendeshaji, ripoti zipunguzwe. Sisi tuliomba sehemu nne. Wawili walikubali, mmoja akakataa kwa upole, mmoja mpaka leo hajajibu. Bodi nayo ipewe kazi ya kupiga simu, tena simu za shukrani, zisizoomba kitu. Wajumbe wa bodi wakikosa la kufanya huanza kukuuliza maswali saa tano usiku.

Yule mama nilimrudia. Nikamwomba radhi kwa barua ile, nikamwambia tuna wiki kumi na moja. Akanyamaza kidogo.

"Na ya kumi na mbili?"

Nikamwambia hiyo ndiyo ninayoihangaikia sasa.

"Haya," akasema, "ukiipata nipigie."