Askari wa Malawi aliyemvuta koplo wetu

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, na ninyi wanangu wa kidato cha tatu, karibuni.

Mmeona kijana wetu alivyotokwa jasho. Nilimwomba amvute mwenzake aliyelala sakafuni, kutoka ukutani hadi mlangoni, naye aliyelala asijisaidie hata kwa kisigino. Sakafu yenyewe ni ya saruji na imefagiliwa. Hakuna tope, hakuna mizizi. Anayevutwa hana bunduki, hana mkoba, hana fulana ya kuzuia risasi. Na bado kijana amefika mlangoni anahema. Kaeni na picha hiyo, kwa sababu mtu ninayetaka tumkumbuke Siku ya Mashujaa ya leo alifanya kazi hiyohiyo huku risasi zinamlenga.

Anaitwa Chancy Chitete. Alikuwa praiveti wa jeshi la Malawi, cheo cha chini kabisa. Aliyemvuta alikuwa koplo wa jeshi letu, Mtanzania.

Sisi wa Kyela tukivuka Mto Songwe tumeshafika kwao. Kinyakyusa chetu na Kingonde cha Karonga vinasikilizana, tunaoana, tunazikana. Ziwa hili sisi tunaliita Nyasa, wao wanaliita Malawi, na hadi leo serikali zetu hazijakubaliana mpaka upite wapi. Nalitaja hilo kwa sababu ninyi vijana mnalisikia sana, na habari ya Chitete hamjaisikia hata mara moja.

Ilikuwa Novemba 2018, karibu na Beni, Kivu Kaskazini. Tangu 2013 Umoja wa Mataifa ulikuwa na kikosi maalumu huko Kongo, chenye askari wa Tanzania, Malawi na Afrika Kusini, kilichoruhusiwa kuyafuata makundi yenye silaha huko yaliko. Jeshi letu lilikuwa bado na kidonda. Tarehe 7 Desemba 2017 waasi wa ADF, kundi lenye asili ya Uganda, walivamia kambi ya walinda amani ya Semuliki na kuwaua askari wetu wasiopungua 14. Familia nyingi nchini zinaikumbuka tarehe hiyo bila kuangalia kalenda. Halafu Agosti 2018 Ebola ikatangazwa kuzuka eneo hilohilo. Wahudumu wa afya walitakiwa kufika vijijini kuchanja na kufuatilia wagonjwa, lakini mashambulizi ya ADF yaliwafungia njia. Ndiyo maana walinda amani na jeshi la Kongo walikwenda kuwaondoa waasi kwenye ngome yao ya Kididiwe.

Mapigano yalikuwa makali. Walinda amani kadhaa waliuawa, wengi wao Wamalawi, na Mtanzania akiwemo. Katikati ya hayo Chitete akamwona koplo wetu ameumia vibaya, hawezi kusogea, yuko mahali peupe. Akamfuata, akamvuta hadi penye usalama kidogo.

Hapo ndipo ninaposimama kila nikisoma habari hii. Alikuwa ameshamfikisha. Angeweza kumwacha pale akarudi kujikinga, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye akapiga magoti kumhudumia. Ukimfunga mtu jeraha mikono yote miwili ina kazi, bunduki umeiweka chini, macho yako yako kwenye damu ya mwenzako wala hayaangalii risasi inatoka wapi. Alikuwa katika kazi hiyo alipopigwa risasi yeye mwenyewe. Koplo alipona. Chitete alikufa.

Mei 2019 mjane wake alisafiri hadi New York, akapokea kwa niaba yake medali ya Kapteni Mbaye Diagne, inayotolewa kwa ujasiri wa kipekee. Diagne alikuwa Msenegali, mlinda amani nchini Rwanda mwaka 1994. Aliwapitisha watu kwenye vizuizi vya wauaji, wachache wachache ndani ya gari lake, hadi kombora lilipomuua Mei 31 mwaka huo. Medali hiyo ilikabidhiwa kwanza familia yake, mwaka 2016. Baada yao, wa kwanza kutunukiwa ni huyu praiveti, jirani yetu wa ng'ambo ya Songwe.

Kila Julai 25 tunawataja mashujaa wetu, na ni haki yao. Lakini yuko Mtanzania aliyerudi kwao akiwa hai kwa sababu mke wa mtu huko Malawi alibaki mjane. Hilo mimi naliita deni, na limekuwa likiniuma. Tangu mwaka jana jina la Chitete limo katika orodha tunayoisoma hapa shuleni, baada ya majina ya wetu wa Semuliki. Mzee mmoja aliniuliza kwa nini tumemweka mgeni. Nikamsimulia kama nilivyowasimulia ninyi. Akanyamaza, kisha akaomba mwaka huu alisome yeye.

Mzee huyo yuko hapa mbele, na mwanawe aliyehudumu Kongo amekuja naye, kaleta bendeji ya jeshi. Wanangu, sogezeni viti. Atuonyeshe jeraha linavyofungwa.